Mtani Yumo Kaburini

Mlango ulijifunga nikiwa na kipande cha muhogo mdomoni. Taa ya juu ya fremu ikawa nyekundu, feni ya ukutani ikabadilisha mlio, na Mzee Mbwambo, ambaye nimefanya naye kazi mpaka tumeanza kukohoa kwa namna moja, akasogeza kiti chake mbele ya meza ya amri bila kunitazama.

"Malizia huo muhogo, Kalunde," alisema. "Limeshavuka mlima."

Alikuwa anazungumzia wingu. Chumba chetu kiko chini ya ardhi, chini ya jengo la Mamlaka ya Mapaa, na kina sheria moja isiyo na huruma: wingu la radi likiingia kwenye anga la jiji, mlango unajifunga na haufunguki mpaka mvua iishe kunyesha, popote itakaponyeshea. Simu zote za mjini zinakatwa. Hatukuanza hivyo. Mwaka wa kwanza mlango ulikuwa wazi, na mheshimiwa mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu bado anakula mshahara, aliingia na walinzi wake akataka mvua isogezwe kwa kuwa binti yake alikuwa na sherehe ya sendofu uwanjani. Ikasogezwa. Ikaenda kuwaangukia watu ambao hawakuwa na mheshimiwa. Baada ya hapo wakubwa wakaona dawa ni kufunga mlango, na wa kufungiwa ndani tukawa sisi.

Watu wa nje wanadhani tunaiamuru mvua. Hatuiamuru. Jiji lolote, hata yale ya babu zetu ya mabati na lami, lina joto lake. Hewa ya moto hupanda, na wingu likipita juu yake hulishwa na joto hilo, likanenepa, likaenda kupasuka mbele, upande upepo unakoelekea. Miji imezichezea radi hivyo kwa muda mrefu bila kujua. Tofauti yetu ni kwamba sisi tunajua. Kila paa la jiji letu limefunikwa na vibao tunavyoviita kope. Zikifungwa, paa ni jeupe na baridi. Zikifunguliwa, chini yake kuna mawe meusi yaliyokula jua tangu asubuhi, nayo hutema joto lote kwa pamoja. Jiji zima linakuwa kama jiko la mkaa lililopepewa, na wingu linabebwa zima zima kuelekea magharibi, kwenye bwawa letu la kunywa. Lakini kope zikifungwa ghafla wingu likiwa kichwani, linakatika pumzi. Linamwaga kila kilichomo tumboni hapo hapo lilipo.

Amri ya kudumu ni kope wazi. Bwawa lilikuwa limebaki tope na kambare, na mjini watu walikuwa wameanza kuoga kwa zamu. Saa nane mchana, mimi na Mzee Mbwambo tuliweka viganja vyetu kwenye meza ya amri, kila mtu upande wake kama sheria inavyotaka, na mapaa ya jiji yakafunguka yote. Tulifanya hivyo kabla wingu halijavuka mlima, kabla mlango haujajifunga, na kabla sijajua lolote kuhusu mazishi.

Kati ya jiji na bwawa kuna Chilungu.

*

Wingu lililonenepeshwa na jiji halisubiri kufika bwawani ndipo lianze kupiga. Linaanza kupiga radi likiwa juu ya Chilungu, na mvua yenyewe inaangukia mbele. Chilungu wanapata radi na pindo la mvua, sisi tunapata maji. Kwa kuwafuta machozi, Mamlaka iliwawekea kinga moja ya radi juu ya darasa la shule ya msingi, na simu moja ya mkononi ya kuwaonya. Simu hiyo ndiyo pekee isiyokatwa mlango ukifungwa, na anayeipiga ni mimi.

Nilichaguliwa kwa sababu ya kabila. Watu wa Chilungu ni Wagogo na mimi ni Mnyamwezi, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zangu walipopita na mizigo kichwani na babu zao wakawatoza hongo kwa kila kisima. Msomi mmoja wa Mamlaka aliandika kwamba onyo hupokelewa vizuri likitoka kwa sauti inayopendwa. Na sauti yangu ilikuwa inapendwa. Kwenye msiba wa shangazi yake Sechelela nilirukia kaburini kabla ya jeneza, nikalala chali, nikagoma kutoka mpaka niletewe jogoo. Ndiyo kazi ya mtani msibani: anawachekesha wafiwa, anamwigiza marehemu, anazuia maziko mpaka alipwe, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Niliondoka na jogoo mwekundu na sifa wilaya nzima. Hakuna aliyejiuliza, si yule msomi wala mimi, siku mtani huyo akileta habari ya kweli msibani itapokelewaje.

Nilimeza muhogo, nikapiga. Sechelela Ndahani, mwenyekiti wa kitongoji, alipokea mara moja. Nyuma ya sauti yake watu walikuwa wanaimba pambio.

"Mbukwenyi," nilimsalimu kwa Kigogo.

"Afadhali umepiga," alisema. "Tumekaa hapa tunaulizana, huyu mbeba mizigo yuko wapi? Mzee anazikwa bila mtani?"

Nilijua kwamba baba yake, Mzee Ndahani, amefariki. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kwenda kumzika, na nilishatafuta kofia kuukuu ya pama kama yake ili nimwigize vizuri. Lakini ruhusa yangu ilikuwa ya kesho.

"Si mlisema kesho?"

"Umeme wa mochwari umekatika tangu jana. Ulitaka tumsubirishe mpaka anuke? Tuko makaburini. Jeneza limeshafika, katekista anatafuta ukurasa."

Makaburi ya Chilungu yako juu ya kilima kitupu. Hakuna mti, hakuna nyumba. Watu wakisimama pale, wao ndio kitu kirefu kuliko vyote mpaka upeo wa macho. Nikatazama kioo cha rada ukutani. Wingu lilikuwa limefika juu ya stesheni ya treni mjini, jekundu katikati, na bado linapanda kwa joto letu wenyewe.

"Sechelela, nisikilize. Kope ziko wazi. Wingu litawafikia mkiwa bado mnaimba. Msizike sasa. Ondokeni hapo wote, mwingie darasani."

Nikamsikia akigeuka na kuwaambia watu, "Ni Kalunde huyo. Anasema tusizike."

Kicheko kilichotoka kwenye kile kilima kingeweza kuwasha taa. Ni kicheko cha watu waliolia tangu juzi na wamepata pa kupumulia. Mtu akasema, "Mwulize safari hii anataka jogoo au mbuzi." Sechelela akafungua spika ya simu ili wote wanisikie.

"Sitaki jogoo," nilisema. "Jamani, natoka kazini. Hii ni radi. Radi ya kweli."

"Mbeba mizigo kabeba radi leo," mzee mmoja akasema, na wakaangua tena.

Nikaanza kulia. Sikuigiza. Machozi yalinitoka kwa hofu na kwa hasira, nikawasihi kwa majina, kila jina nililolikumbuka. Na kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, kwa sababu kumlilia marehemu kwa kupitiliza ni mchezo wa mtani tangu enzi. Nikasikia mwanamke akisema, "Hapo anamwigiza mzee siku alipouziwa mbuzi mgonjwa. Msikilizeni, ni yeye kabisa."

Nikamsukumia Mzee Mbwambo kipaza sauti. Alikohoa, akaweka tai yake sawa kana kwamba wanamwona.

"Hamjambo. Naitwa Mhandisi Mbwambo, wa Mamlaka ya Mapaa. Mimi ni Mpare, sina utani na mtu yeyote hapo. Anachosema mwenzangu ni kweli."

Kicheko kikakatika. Nikaanza kupumua. Ndipo Sechelela akauliza taratibu, "Mtani, na huyu Mpare umemkodi kwa shilingi ngapi?" Na mwingine, kwa mbali, "Mpare hakodishiki, huyo kapewa chakula." Basi ikawa ndiyo furaha ya msiba.

Mzee Mbwambo akanirudishia kipaza sauti. Tai aliyoiweka sawa alikuwa ameilegeza.

"Wameonywa," alisema. "Imeingia kwenye kumbukumbu. Kazi yetu imeisha."

*

"Haijaisha," nilisema. "Tufunge kope."

Meza ya amri ina sehemu mbili za kuweka kiganja, moja kila upande, mbali kiasi kwamba mtu mmoja hafikii zote. Na mimi ni mrefu, nimeshajaribu.

"Tukifunga sasa," alisema, "linamwagika wapi?"

Nilijua linamwagika wapi. Kila kitu katika jiji hili hutelemkia Bondeni. Mifereji yote hukutana pale, nyuma ya mashine za kusaga, na mvua nzima ikishuka kwa pamoja watu wa vyumba vya chini hupanda juu na magodoro yao.

"Kuna king'ora," nilisema. "Bondeni wakisikia king'ora wanapanda. Hakuna mwenye utani na king'ora."

"Nambua yuko Bondeni."

Nambua ni binti yake. Nilijua amejifungua wiki iliyopita, maana mzee alikuja na soda akatugawia, jambo ambalo halijatokea tena katika historia ya ofisi yetu.

"Atapanda na mtoto wake," nilisema. "Majirani watamsaidia."

"Amepasuliwa, Kalunde. Mshono haujakauka. Kutoka kitandani kwenda chooni anashikwa mkono, na mumewe yuko kazini mpaka jioni." Akavua miwani, akaishika mkononi. "Simu za mjini zimekatwa. Siwezi hata kumwambia aanze kuamka."

Nilimchukia kwa muda ule. Watu mia kule kilimani, ndiyo. Lakini nisingeweza kumwambia baba wa mtu ahesabu. Nikatazama mlango. Nilitamani kuupiga teke. Kwenye kioo wingu lilikuwa limeacha stesheni nyuma, na vidoti vyekundu vya radi vilianza kuchomoza pembeni mwake, kimoja, kisha viwili.

Kwenye spika bado walikuwa wanacheka. Mtu alikuwa anasimulia habari za marehemu. Mzee Ndahani alikuwa na tabia moja inayojulikana: kwenye shughuli yoyote, harusi, mkutano, mnada wa mbuzi, yeye ndiye wa mwisho kuondoka. Watu wakimwita alikaa pale pale juu ya kigoda chake, akasogeza pama nyuma, akasema neno lake lile lile. Nikalikumbuka. Na hapo hapo nikaona kwamba nimekuwa nikikosea tangu mwanzo. Nilikuwa najaribu kutoka kwenye utani, wakati mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa wa kuingia ndani zaidi.

Nikafuta machozi kwa kiganja, nikaishusha sauti mpaka kifuani, nikaiburuza kama alivyokuwa akiiburuza mwenyewe.

"Mimi siondoki," nikasema. "Nyie tangulieni."

Kilima kizima kikalipuka. Nikasikia wengine wakikaa chini. Hata katekista alikuwa anacheka, namjua kwa kikohozi chake.

"Sasa ndiyo umeanza kazi, mtani," Sechelela alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa kwa kucheka na kwa kilio.

"Nimeshaingia kaburini. Iteremsheni simu humu, msinivunje mgongo."

Wakaiteremsha. Nilisikia udongo ukimomonyoka kando ya kipaza sauti, kisha sauti zao zikawa za juu, kama watu wanaochungulia kisimani.

"Sitoki humu mpaka nilipwe," niliwaambia. "Na jogoo sitaki, mnafuga majogoo makonda. Nataka watu wote, na jeneza lenu, na katekista na ukurasa wake, muingie darasani. Mkae kwenye madawati kama watoto wa darasa la kwanza. Mumwimbie mzee a, e, i, o, u, maana alikufa hajui kusoma na mlikuwa mnamcheka. Mkiimba vibaya mnarudia. Mtoto wa mtu akibaki nje, maziko hakuna."

"Huyu Mnyamwezi ana wazimu," mtu alisema kwa furaha kubwa.

"Hongo ni hongo," akajibu mwingine. "Babu zetu walitoza, leo tunatozwa. Inueni jeneza."

Na wakaondoka. Nilisikia miguu yao, nilisikia mabishano ya nani ashike upande gani wa jeneza, nilisikia pambio likigeuka njiani na kuwa a, e, i, o, u. Sauti zikateremka kilima mpaka zikaisha. Nikaegemea kiti. Kusema kweli nilikuwa najivunia. Mzee Mbwambo alinitazama kama mtu aliyeona kuku akifungua kufuli.

"Wameenda?" aliuliza.

"Wameenda."

*

"Wameshaenda, mtani," Sechelela alisema, sauti ikiwa imeinamia simu. "Nimebaki na wewe."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Umebaki kufanya nini?"

"Kaburi lililochimbwa haliachwi peke yake. Hujui hilo? Mwenye mzee ndiye analikalia. Nimekaa hapa ukingoni, miguu yangu iko humo kwako. Usinitekenye."

Ningelijua hilo kama ningewaza. Hata kwetu hatuliachi. Nilikuwa nimekiondoa kilima kizima nikamwacha yeye, peke yake, kitu kirefu pekee kilichobaki pale juu.

"Basi nimelipwa," nilisema haraka. "Nimetoka kaburini. Nenda na wewe darasani."

"Ukitoka nawaita warudi tuzike. Wewe ndiye uliyezuia."

"Basi sijatoka. Lakini nenda."

"Na kaburi nimwachie nani? Wewe?" Akacheka kidogo. "Mtani wa simu halindi kaburi."

Kila nilipogusa pakawa ukuta. Nikisema nimetoka, wanarudi wote. Nikisema nimo, yeye habanduki. Nikaweka mdomo kwenye kipaza sauti mpaka nikasikia harufu ya chuma.

"Sechelela, sasa sitanii. Utani nimeuweka chini. Tazama mashariki, uniambie unaona nini."

Nadhani alitazama.

"Wingu jeusi," alisema. "Mawingu yenu huwa meusi hivyo siku zote." Kisha, kwa sauti ya chini, "Kweli, Kalunde? Hebu apa."

"Naapa kwa jina la mama yangu."

Nilisikia pumzi zake. Alikuwa karibu kuamini, najua alikuwa karibu. Halafu akaguna.

"Kwa mama yako uliapa pia kwamba shangazi amekuomba ugoro."

Niliapa hivyo, ni kweli. Nilikuwa nimelala kaburini, watu wakicheka, nikaapa kwa mama yangu kwamba marehemu ameninong'oneza anataka ugoro. Ilikuwa nzuri sana siku ile. Sasa sikubakiwa na kiapo kingine.

"Tulia hapo," alisema. "Kwa kuwa umo humo, na wenzetu hawapo, nina ujumbe. Baba akifika hapo chini mwambie yule beberu mweusi aliyepotea amerudi mwenyewe. Kakonda, lakini karudi. Mwambie... Asubuhi ile ya mwisho aliniomba maji. Nilikuwa napepeta mtama. Nikamwambia, baba subiri kidogo. Nilipoyapeleka hakuyataka tena. Mwambie nilikuwa nakuja. Utamwambia?"

Sauti yake haikuwa na kicheko hata kidogo. Hilo ni jambo jingine ambalo utani hufanya: unampa mtu mlango mdogo wa kusemea asichoweza kukisema kwa katekista.

"Nitamwambia," nilisema.

Mzee Mbwambo alikuwa anasikia kila neno. Hakuwa ananitazama mimi wala kioo, alikuwa anaitazama spika. Vidoti vyekundu vilikuwa vimefika mwisho wa nyumba za jiji na kimoja kilishadondoka nje kabisa, kwenye barabara ya Chilungu.

"Huyo mwanamke ana umri gani?" aliuliza.

"Kama Nambua."

Aliinuka. Alikwenda kwenye ukuta wa ving'ora, akakitafuta cha Bondeni kwa kidole, ingawa anavijua vyote hata gizani. Sheria inasema king'ora kibonyezwe moja kwa moja mpaka taa izime. Yeye alikibonyeza kwa vipande: mbili fupi na moja ndefu. Akarudia. Mbili fupi na moja ndefu.

"Unafanya nini?"

"Ndivyo ninavyobisha hodi kwake," alisema. "Tangu akiwa mdogo. Akisikia atajua ni mimi. Atajua sichezi." Akabonyeza tena na tena, mpaka ukucha ukawa mweupe, akimpa binti yake muda wowote aliokuwa nao wa kumpa. Kisha akarudi mezani, akaweka kiganja chake mahali pake. "Weka wa kwako, Kalunde. Kabla sijafikiri tena."

Nikaweka.

*

Kope za jiji zima zilijifunga. Hatukuziona, lakini kwenye kioo joto la mapaa lilishuka kutoka jekundu hadi buluu mtaa kwa mtaa, na wingu likasita. Lilikuwa limeshatoa kichwa nje ya jiji. Likarudi nyuma kidogo, likakaa, likaanza kuporomoka ndani yake lenyewe.

Mawe ya barafu ndiyo yaliyotangulia. Tuliyasikia kupitia bomba la hewa, yakigonga vibao vyeupe huko juu. Baada ya hapo ikaja mvua. Mvua yote, ya bwawa na ya Chilungu, na yote ilikuwa inakwenda Bondeni.

"Mtani," Sechelela alisema.

"Nipo."

"Upepo umegeuka. Ulikuwa unatupiga usoni, sasa umekufa." Nilimsikia akisimama, kokoto zikaanguka kaburini karibu na simu. "Wingu linarudi. Naliona, linamwagika juu yenu huko. Mmelirudisha."

"Sechelela, ngoja nikueleze."

"Mtama umefika kiunoni na majani yameanza kujikunja. Sisi hatuombi mvua yenu. Tulikuwa tunangoja pindo tu, manyunyu ya kupitia. Hata baba, mochwari ilipotulazimisha kumzika leo, tukasema walau akilazwa itamnyeshea kidogo, ni baraka." Alikuwa anasema polepole. "Na wewe ukatuingiza darasani tuimbe herufi, ili tusione mnavyolichukua."

"Si hivyo. Nakuapia."

"Toka kwenye kaburi la baba yangu."

Nikangoja kicheko. Mtani akikufukuza huweka kicheko nyuma ya neno, hata kidogo, hata cha puani. Nilikisubiri mpaka nikaelewa kwamba hakipo. Alishuka kaburini, nikasikia vidole vyake vikiikwangua simu kutoka kwenye udongo, na laini ikakatika.

Alikuwa hai. Alikuwa na nguvu za kushuka na kupanda shimo la kaburi, na hasira ya kutosha kunichukia mpaka uzeeni. Nilifurahi, na nililia, na sikuweza kuitenganisha furaha hiyo na kilio hicho. Nikapiga tena. Hakupokea, na nadhani hatapokea tena simu yangu yoyote, hata ya onyo.

Nilipogeuka, Mzee Mbwambo alikuwa amevua viatu. Alikuwa amefunga kamba zake pamoja na kuvining'iniza shingoni, amekunja suruali mpaka magotini, amesimama akiutazama mlango, tayari kabisa kwa maji ya mahali asipoweza kufika. Taa ilikuwa nyekundu. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na ingenyesha sana.

Nilitaka kumwambia neno la kumchekesha. Ndiyo kazi ninayoijua. Nilikwenda nikasimama kando yake tu.

Akainua mkono, akaubisha mlango kwa ndani, mbili fupi na moja ndefu. Kisha akaweka sikio kwenye chuma, na mimi nikaweka la kwangu.